Mbona kwenye majaribio inafanya kazi, laivu haifanyi?

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa 6. Wengi waliamini zimedukuliwa. Kampuni yenyewe ikaeleza kwamba chanzo kilikuwa mabadiliko ya usanidi kwenye ruta (vifaa vinavyoelekeza mawasiliano ya mtandao) zinazounganisha vituo vyake vya data. Tarehe 19 Julai 2024 ikaja nyingine: kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 ziliganda kwenye skrini ya buluu, safari za ndege zikaahirishwa, na lawama ikaangukia tena faili la usanidi, safari hii la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta. Mara zote mbili watu walibaki wakiulizana usanidi ni kitu gani, na inakuwaje mipangilio tu iangushe mifumo mikubwa namna ile.

Swali hilo lina ndugu yake mdogo, nalo huulizwa karibu kila ofisi inayotumia mfumo mkubwa wa biashara. Mhasibu ameomba fomu ya malipo iongezwe kisanduku kimoja cha kujazia. Fundi anamjibu, "Imeshatengenezwa." Mhasibu anafungua mfumo, hakioni. Anaambiwa, "Kipo kwenye majaribio, tunasubiri kukihamisha." Wiki inapita. Siku kinapohamishwa, kinaonekana kwa wengine na kwake hakionekani. Hapo mhasibu anaanza kuhisi anazungushwa.

Wakati mwingine ni kweli anazungushwa. Lakini mara nyingi kuna kazi halisi katikati ya "imetengenezwa" na "inaonekana", kazi ambayo wanaolipia mifumo hii hawaelezwi.

Tuanze na maneno matatu. Mfumo kama SAP, Salesforce, ServiceNow au Dynamics 365 una tabaka tatu. La chini ni programu yenyewe, yaani msimbo (maagizo ya kompyuta) ulioandikwa na kampuni iliyouunda. Juu yake kuna usanidi: maamuzi ya taasisi yako yaliyoingizwa ndani ya programu hiyo. Fomu iwe na visanduku vipi, malipo ya kiasi gani yaidhinishwe na nani, barua pepe ya kukumbusha itoke lini, nani aone mishahara na nani asiione. Juu kabisa kuna data: wateja, ankara, stakabadhi, maombi ya likizo, kila kinachoingizwa na watumiaji katika kazi ya kila siku.

Neno lingine ni mazingira. Hiyo ni nakala kamili ya mfumo, yenye tabaka zote tatu, inayojiendesha bila kutegemea nakala nyingine. Taasisi kubwa huwa na angalau tatu. Ya kwanza ni ya kutengenezea, ambamo fundi anajenga na kubomoa bila kumkera mtu. Ya pili ni ya majaribio, ambamo watumiaji wachache wanajaribu kilichojengwa. Ya tatu ndiyo hai, yenyewe mafundi huiita laivu au prodakshani, na humo ndimo mishahara ya kweli inalipwa. Watu wa SAP wamezoea kuziita DEV, QAS na PRD, na wana kanuni ambayo ukiivunja utaulizwa: mabadiliko husafiri kwa mwelekeo mmoja, kutoka DEV kwenda QAS, kisha PRD.

"Si mnakili tu?"

Hili ndilo swali la kwanza la kila meneja, na si la kijinga. Kama mazingira ya majaribio yapo sawa, kwa nini yasinakiliwe yote juu ya laivu?

Kwa sababu usanidi na data vinakaa kwenye hifadhidata moja. Ukimwaga majaribio juu ya laivu, umehamisha kile kisanduku kipya, na pamoja nacho umefuta ankara zote zilizoingizwa tangu nakala ya majaribio ilipotengenezwa, ukaweka mahali pake wateja wa uongo waliobuniwa na wajaribuji. Kwa hiyo nakala kamili kwa kawaida hushuka badala ya kupanda: laivu hunakiliwa kwenda majaribio, ili wajaribuji wapate data inayofanana na ya kweli.

Na hapo kuna mtego. Nakala inaposhuka hufuta kilichokuwepo chini. Fundi aliyekuwa katikati ya kazi ya mwezi mzima kwenye mazingira yanayofutwa, asipoitoa kazi yake kwanza na kuihifadhi pembeni, ataikuta haipo. Kwenye ServiceNow na Salesforce jambo hili linajulikana sana, na ndiyo maana msimamizi mwenye busara hutangaza mapema siku ya kunakili, kisha hutangaza tena.

Kinachosafiri ni orodha

Chukua vitabu viwili vya toleo moja, kimoja kwako, kingine kwa mwenzako aliye mbali. Umesahihisha chako kwa penseli na unataka chake kifanane. Hutamtumia kitabu chako, maana yeye ameandika maelezo yake pembezoni mwa kile alichonacho na hataki yapotee. Utamtumia orodha: ukurasa wa 12, aya ya tatu, weka hii badala ya ile, ukurasa wa 40, ongeza mstari huu. Yeye anafungua ukurasa mmoja mmoja na kuandika.

Kuhamisha usanidi ni hivyo. Mfumo unaweka orodha ya vitu vilivyoguswa, orodha inafungwa kama kifurushi, kifurushi kinapelekwa upande wa pili, na mfumo wa huko unakisoma na kuandika juu ya vya kwake. SAP inacho kama ombi la usafirishaji lenye namba, mfano DEVK900123. Likifungwa, faili mbili huandikwa kwenye folda ya pamoja, moja inayoanza na herufi K, yenye maelezo ya safari, na nyingine inayoanza na R, yenye shehena yenyewe. ServiceNow ina Update Set, Salesforce ina Change Set. Majina ni tofauti, wazo ni lilelile.

Ukishaona kwamba kinachosafiri ni orodha ya masahihisho, sehemu kubwa ya vurugu za "mbona haifanyi kazi" inaanza kueleweka. Maana orodha ina kasoro za orodha: inaweza kusahau kitu, inaweza kufika kwa mpangilio mbaya, na inaweza kumtuma msomaji kwenye ukurasa ambao kitabu chake hakina.

Kusahau kwanza. Orodha hurekodi yale tu ambayo mfumo umeambiwa uyatazame, na mfumo unatazama usanidi, hautazami data. Tatizo ni kwamba mpaka kati ya viwili hivyo haukuchorwa na mhasibu. Kwenye ServiceNow, kanuni ya kuidhinisha malipo ni usanidi, itasafiri. Kikundi cha waidhinishaji ambacho kanuni hiyo inakitaja ni data, hakitasafiri. Kanuni inafika laivu, inatafuta kikundi, haikioni, na ombi la malipo linabaki likielea bila mtu wa kuliidhinisha. Hakuna kilichoharibika. Kila kitu kimefanya kama kilivyoundwa kufanya, na bado malipo hayatoki.

Salesforce ina aina yake ya jambo hilo, nayo ndiyo iliyomkuta mhasibu wetu. Kisanduku kipya ni kitu kimoja, ruhusa ya kukiona ni kitu kingine. Kisanduku kikihamishwa bila ruhusa zake, kinafika salama salimini na mwenye haki ya kukiona anabaki hakioni. Msimamizi mkuu anakiona kwenye kurasa za mipangilio, kwa hiyo anaapa kwamba kimefika. Naye hasemi uongo.

Kwenye ServiceNow fundi anatakiwa achague mwenyewe kifurushi anachofanyia kazi. Asipochagua, mabadiliko yake yanaingia kwenye kile cha msingi kinachoitwa Default, ambacho kwa desturi hakisafirishwi. Anajenga vitu kumi, saba vikiwa kwenye kifurushi chake na vitatu Default, maana aliporudi baada ya chakula aligeukia kazi nyingine akasahau kubadilisha. Kwenye mazingira ya kutengenezea vyote kumi vipo na vinashirikiana vizuri. Laivu vinafika saba. Ukisikia fundi anasema "kwangu inafanya kazi", mara nyingi maana yake ni hiyo: kwake vipo vyote kumi.

Rekodi nzima, si neno moja

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo chanzo cha ugomvi mwingi kuliko yote, na halielezwi hata kwenye mafunzo mengi ya watumiaji.

Orodha ya mfano wa vitabu ilisema "badilisha neno hili". Vifurushi vingi havisemi hivyo. Vinasema "huu hapa ukurasa wa 12 wote, ulivyo sasa". Ukibadilisha lebo moja kwenye rekodi ndani ya ServiceNow, kinachoingia kwenye Update Set ni rekodi nzima, na vyote ilivyokuwa navyo wakati ule, vikiwemo vile ambavyo wewe hukuvigusa.

Fikiria mafundi wawili. Wa kwanza anarekebisha kanuni ya malipo Jumatatu, kwa kazi ambayo itakwenda laivu mwezi ujao. Wa pili anagusa kanuni hiyohiyo Jumatano, kurekebisha hitilafu ndogo ya haraka, na kifurushi chake kinahamishwa Ijumaa. Nini kimekwenda laivu? Ukurasa mzima, pamoja na kazi ya yule wa kwanza ambayo haijajaribiwa na haijaidhinishwa na mtu yeyote. Wa pili hakufanya kosa lolote analoweza kuliona. Wa kwanza hajahamisha chochote. Na watumiaji wameamka na kanuni mpya.

SAP ilijaribu kuzuia hali hiyo kwa njia ya kikatili kidogo: msimbo na vitu vya aina hiyo vikishaingia kwenye ombi la mtu mmoja, hufungwa, mtu mwingine hawezi kuviweka kwenye ombi lake mpaka la kwanza liachiliwe lisafiri. Inakera, hasa mwenye ombi akiwa likizoni, lakini inafanya kazi. Usanidi wa biashara wa kawaida, hata hivyo, haufungwi hivyo, na hapo kila timu inabaki kutegemea mazungumzo kati ya watu.

Mpangilio wa kufika una mantiki hiyohiyo. Kama vifurushi viwili vimebeba ukurasa wa 12, cha zamani kikiwa na sura ya Machi na kipya sura ya Aprili, basi cha zamani lazima kiingie kwanza. Kikichelewa na kuingia nyuma ya kipya, kitarudisha sura ya Machi juu ya ile ya Aprili, kimyakimya. Watumiaji wataona tatizo lililotatuliwa mwezi uliopita limerudi, nao wataamini halikutatuliwa kamwe.

Mifumo mingine husaidia. ServiceNow, kabla ya kuandika chochote, hupitia kifurushi na kutaja migongano: hiki ulichonacho ni kipya kuliko kinachokuja, kile kinataja kitu ambacho hakipo hapa. Fundi anachagua kimoja kimoja, kupokea au kuruka. SAP hutoa namba baada ya kuingiza: 0 ni salama, 4 ni onyo, 8 ni kosa, 12 ni kosa zito. Namba 4 imezoeleka kiasi kwamba wengi hawaisomi tena, na hilo ni kosa lao, kwa sababu wakati mwingine onyo lile ndilo lililokuwa na jibu.

Vitu ambavyo havitakiwi kusafiri

Tumezungumza kana kwamba lengo ni kuhamisha kila kitu. Sivyo. Kuna usanidi ambao ukifika laivu utaleta maafa kwa sababu tu umefika.

Mfano mzuri ni mfululizo wa namba za hati kwenye SAP. Mfumo unakumbuka namba ya mwisho ya ankara iliyotolewa. Kwenye mazingira ya kutengenezea huenda ni ankara ya 57, laivu ni ya laki kadhaa. Ukisafirisha mfululizo pamoja na kumbukumbu yake, laivu itaamini ankara inayofuata ni ya 58 na kuanza kugombania namba zilizokwisha kutumika. Ndiyo maana SAP haiingizi mifululizo hiyo kwenye ombi la usafirishaji yenyewe. Anayetaka lazima afanye kwa mkono, akijua anachofanya. Viwango vya kubadilishia fedha na vipindi vya kufungua na kufunga vitabu navyo hutunzwa moja kwa moja laivu, kwa sababu haina maana kupitisha kiwango cha leo kwenye majaribio ya wiki mbili.

Anwani na nywila za mifumo mingine ziko kundi hilohilo. Mazingira ya majaribio yanatakiwa kuzungumza na benki ya majaribio. Anwani hiyo ikipanda laivu, malipo ya kweli yanakwenda kusikolipa. Ikishuka ya laivu kwenda majaribio ni hatari zaidi: mjaribuji anabonyeza "lipa" akicheka, na fedha zinatoka.

Usanidi si salama kuliko msimbo

Imani iliyoenea kuliko zote ni kwamba kubadilisha msimbo ni upasuaji na kubadilisha usanidi ni kufunga plasta. Kwa hiyo msimbo hupitishwa kwenye majaribio, wakaguzi na saini tatu, na usanidi hupelekwa mchana kweupe kwa sababu "ni mipangilio tu".

CrowdStrike inaonyesha imani hiyo inavyovunjika. Programu yao iliyokaa kwenye kompyuta za wateja haikubadilika siku ile. Kilichotumwa ni faili la usanidi la kutambua mashambulizi, lililotegemea thamani 21 wakati programu ilikuwa ikitoa 20. Programu ikaenda kuisoma ya 21 mahali ambapo hapakuwa na kitu, ikaanguka na kuiangusha Windows nayo. Matoleo mapya ya programu yalikuwa yakipelekwa kwa awamu. Mafaili ya aina hii yalikuwa yakienda kwa wote kwa pamoja. Baada ya tukio kampuni ilisema nayo yatapelekwa kwa awamu.

Tukio hilo linajibu pia wanaosema, "Tukikosea tutarudisha." Faili liliondolewa ndani ya dakika 78. Lakini kompyuta nyingi zilizokwisha kuganda hazikuweza kupokea marekebisho kupitia mtandao, na ikabidi watu wakae mbele ya mashine moja moja. Kwenye mifumo ya biashara kurudisha kuna mipaka mingine. Change Set ya Salesforce haina kitufe cha kurudi nyuma, na haiwezi hata kufuta kitu upande wa pili. Inaongeza na kubadilisha tu. SAP kwa desturi hairudi nyuma: unatengeneza marekebisho na kuyasafirisha mbele kama mabadiliko mapya. ServiceNow inaruhusu kurudisha, ila ukirudisha mabadiliko yaliyoongeza kisanduku, kisanduku kinaondoka na kila kilichoandikwa ndani yake tangu kilipofika. Saa moja baada ya kuhamisha, hasara ni ndogo. Baada ya wiki mbili ni data ya wiki mbili.

Miaka ya karibuni timu nyingi zimeanza kuuweka usanidi kama mafaili ya maandishi kwenye Git, chombo kilichobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza msimbo wa mfumo endeshi wa Linux. Faida ni kwamba unaona mstari uliobadilika, aliyeubadilisha na siku aliyoubadilisha, na migongano inaonekana kabla ya safari. Haiondoi tatizo la data inayotegemewa wala la ruhusa zilizosahauliwa. Inapunguza ubishi kuhusu nani aligusa nini, na hilo peke yake si dogo.

Kama wewe ndiye unayesubiri

Kwa mtumiaji aliyeambiwa "tunasubiri kuhamisha", maswali ya maana ni machache. Uliza kifurushi kina namba au jina gani, maana kisicho na jina hakijafungwa. Uliza kinategemea kifurushi kingine kipi, na kama hicho kimeshafika. Uliza ni vitu gani vitafanywa kwa mkono baada ya kuhamisha, kama vikundi, ruhusa na anwani, na nani ameandikiwa kuvifanya. Fundi makini atakuwa na karatasi yenye hatua hizo, na asiyekuwa nayo atasema "hakuna". Kisha, siku ikifika, mjaribuji awe mtu mwenye ruhusa za kawaida. Akaunti ya msimamizi mkuu huona mengi ambayo mtumiaji wa kawaida hayaoni, na kwa hiyo haithibitishi chochote.

Na kuna lile ombi la dharura: mishahara inatakiwa leo, kanuni imekosewa, mkuu anaagiza irekebishwe laivu moja kwa moja. Litatokea, na pengine ni sahihi kulikubali. Ila marekebisho hayo yako laivu peke yake. Mazingira ya kutengenezea bado yana kanuni ile mbovu, na kifurushi kijacho kitakachoigusa kitabeba rekodi nzima kama ilivyo huko chini na kuiandika juu ya ile iliyorekebishwa. Kwa hiyo siku hiyohiyo, kabla watu hawajaondoka, kilichobadilishwa laivu kiandikwe pia kwenye mazingira ya kutengenezea.